Usiitupe spika hiyo, kwanza sikiliza inalia nini!

Wiki hii naomba tuyaweke kando yale ya wapenzi kununiana, maana kuna ugomvi mwingine mtaani ambao hauna wa kuusemea. Ni ugomvi wa kijana na kompyuta yake. Unamkuta mtu kaalika washikaji waje kucheki sinema, chipsi zimeagizwa, soda zimepoa, halafu spika inaanza... krrr, krrr, krrr! Utadhani mtu anakaanga dagaa kwenye mafuta ya moto. Hapo kila mmoja anageuka fundi. Huyu anaipiga spika kofi la mgongoni, yule anachomoa waya na kuupuliza, mwingine ameshatoa hukumu: “Hiyo imekufa, nenda Kariakoo kachukue nyingine.”

Siyo siri, mimi si injinia. Nilimaliza kidato cha nne nikaingia mtaani kama wengi wenu, na ukiacha makala haya, mkate wangu mwingine unatokana na kupiga muziki kwenye sherehe za watu kwa laptopu. Kicheni pati, kipaimara, harusi, maulidi ya mtoto, zote nimo. Kazi hiyo imenifundisha kwamba spika hailii hovyo. Ni kama mtoto mchanga, kilio cha njaa si kilio cha tumbo. Mama anayejua hakimbilii hospitali kila mtoto akifungua mdomo.

Kwa hiyo, kabla hujafungua pochi, tega sikio. Kelele za kompyuta ziko za aina tatu hivi. Kuna ile inayokwaruza pale tu sauti inapopanda, mwimbaji akinong'ona kuko shwari, akipaza tu, krrr! Kuna ile inayokatika katika, pa-pa-pa, kama mtu mwenye kigugumizi. Na kuna mvumo, mmmmm, unaosikika hata muziki ukiwa haujaanza. Kila moja ina mama yake na baba yake.

Tuanze na mkwaruzo, maana huo ndio umewaliza wengi. Bwana, kwenye kompyuta mziki si mziki, ni tarakimu. Sauti ya CD, tangu CD zilipoingia sokoni mwaka 1982, hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde moja, na kila kipimo kina ngazi 65,536 za kusimama. Basi. Ngazi zikiisha zimeisha, hakuna ghorofa ya juu yake. Sasa ukiilazimisha sauti ipande kupita hapo, kompyuta haina pa kuiweka, inachofanya ni kukata kichwa. Wimbi lililotakiwa liwe la mviringo kama kilima linakuwa bapa kama meza. Sikio lako likikutana na meza badala ya kilima, ndipo unaposikia dagaa wanakaangwa.

Nani anailazimisha? Mara nyingi ni sisi wenyewe. Chukua VLC, ile programu yenye alama ya koni ya barabarani ambayo kila laptopu ya mjini inayo. Ilianzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi huko Paris mwaka 1996, na tangu mwaka 2001 inagawiwa bure kwa kila mtu duniani. Kibonyezo chake cha sauti hakiishii asilimia 100, kinakwenda mpaka 125. Ukiona namba hiyo unadhani umepewa bahati, kumbe kuanzia 100 kwenda juu programu inazidisha zile tarakimu, na kama wimbo wenyewe ulirekodiwa kwa sauti ya juu, vichwa vinaanza kukatwa. Ile asilimia 25 ya ziada imewekwa kwa ajili ya faili lenye sauti ndogo, haikuwekwa kwa ajili ya kumkomoa jirani.

Dawa yake haina gharama. Sauti ina mikono mitatu: wa programu, wa kompyuta yenyewe, na wa spika. Weka wa programu kwenye 100 au chini kidogo, wa kompyuta uweke juu lakini usiukamue, halafu shibe yote itafute kwenye spika. Spika ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya kupayuka. Kule kwenye programu ni kupima chumvi tu.

Pia angalia ekwalaiza. Vijana tunapenda besi, tena ile ya kutikisa vioo, hivyo tunapandisha vile vibonyezo vya kushoto mpaka mwisho. Lakini kupandisha besi ni kupandisha sauti, na ngazi ni zile zile. Ukitaka besi isikike, teremsha vingine badala ya kuipandisha yenyewe. Na kwenye Windows, humo ndani ya mipangilio ya sauti, kuna sehemu ya kile wanachokiita maboresho ya sauti. Wakati mwingine programu inaboresha, Windows nayo inaboresha, na spika ina kitufe chake cha kuboresha. Wapishi watatu, kila mmoja anatia chumvi! Zima yote, sikiliza, kisha washa kimoja kimoja.

Kuna kisa kingine kinachowachanganya watu kwenye sinema. Maongezi hayasikiki, ila bomu likilipuka, nyumba nzima inaruka. Sababu ni kwamba sinema nyingi zimetengenezewa spika sita, na maongezi yamewekwa kwenye ile ya katikati. Wewe una mbili. Maongezi yanafika yakiwa yamechoka, unapandisha mpaka 125 umsikie sterling anasema nini, halafu adui anarusha bomu. Lazima ikwaruze! Ingia kwenye sehemu ya sauti ya programu yako, chagua sauti ya spika mbili, na kama sinema ina njia zaidi ya moja ya sauti, jaribu ile nyingine. Utashangaa ugomvi umekwisha.

Haya, kigugumizi sasa. Sauti ikikatika katika bila kujali iko juu au chini, usiilaumu spika, hiyo ni mashine imeelemewa. Kompyuta inatakiwa ipeleke sauti kama mtu anayechota maji kwa kopo na kujaza ndoo yenye tundu, ikichelewa kidogo tu ndoo inakauka, na wewe unasikia pa! Funga yale madirisha thelathini uliyofungua, acha kunakili faili la sinema wakati unasikiliza, ondoa flashi iliyochoka. Kama unatumia spika ya Bluetooth, isogeze karibu, maana ukuta na mwili wa mtu vinaizuia. Na ikiwa wimbo umepimwa mara 44,100 huku kompyuta imepangwa kwenye 48,000 ambayo ndiyo ya video nyingi, inabidi mashine iwe inatafsiri muda wote. Mashine yenye nguvu hutafsiri bila wewe kujua, ila kwa mashine iliyochoka, au yenye draiva mbovu, huo nao ni mzigo. Zilinganishe, uone.

Mvumo ndio rahisi kuliko yote. Chomoa chaja ya laptopu, acha itumie betri. Mvumo ukikoma, umempata mwizi. Umeme wetu unageuka mara 50 kwa sekunde, na kama laptopu na spika zimechomekwa sehemu mbili tofauti, umeme huo unapata njia ya kuzunguka kupitia waya wa sauti. Chomeka vyote kwenye ubao mmoja wa soketi. Nimewahi kuokoa harusi nzima kwa kuhamisha plagi moja, na kamati ikanipa sahani mbili za pilau.

Sasa hapa ndipo panapouma, na ndiyo sababu hasa ya kushika kalamu wiki hii.

Babu yangu mzaa baba alikwenda Maskati kutafuta riziki mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kupiga simu ilikuwa ghali, na Bibi hakuwa mtu wa kusoma barua ndefu, hivyo Babu alikuwa anarekodi maneno yake kwenye kaseti na kumpa mtu anayerudi nyumbani amfikishie Tanga. Watu wengi wa pwani walikuwa wakisalimiana hivyo. Kaseti nyingi zilipotea, ikabaki moja ya mwaka 1993, ile ya dakika 60, upande wa kwanza wote ni sauti yake. Babu alifariki mwaka 2001 mimi sijatimiza hata mwaka mmoja. Lakini tangu nipate akili naambiwa na ukoo mzima kwamba nacheka kama yeye. Unaambiwa jambo hilo maisha yako yote, na hujawahi kulisikia!

Mwaka 2019 baba mdogo aliipeleka kaseti kwa jamaa mmoja wa mtaani anayehamisha kaseti kwenye flashi. Simtaji, naye anatafuta mkate kama mimi. Ikarudi ikiwa faili la MP3, na siku ya Idi tukakusanyika sebuleni kwa Bibi, laptopu juu ya stuli, watoto wamekaa mkekani. Faili likafunguliwa. Lo! Babu alikuwa anaongea kama mtu aliyefungiwa ndani ya debe. Akisema polepole unamwambulia neno mawili matatu, akipaza sauti, krrr, na akicheka ndiyo kabisa, ni kama mabati yanang'olewa na upepo. Baba mdogo akapandisha sauti, ikazidi. Akaleta spika nyingine, ile ile. Bibi alivumilia dakika mbili, akavuta kanga mpaka mdomoni, akasema: “Zimeni. Kama sauti yenyewe imeshakufa, mwacheni mzee wa watu apumzike.”

Hakuna aliyebisha. Ikaaminika kwamba kaseti imeoza. Miaka ikapita, na Bibi alipohamia kwa shangazi mwaka 2023, ile kaseti niliikuta kwenye boksi la vitu vya kutupa, pamoja na kandambili moja na taa ya chemli iliyovunjika kioo. Nikaiomba. Shangazi akanicheka: “Ichukue, utasikiliza mabati.”

Nilianza na lile faili, kama ninavyofanya kazini. Nikalisikiliza kwa hedifoni, mkwaruzo upo, kwa hiyo spika si mshitakiwa tena. Nikalifungua kwa programu nyingine, upo. Nikalitia kwenye simu, upo, tena kwa sekunde zile zile. Msomaji, ishike hiyo: kelele ikitokea mahali pale pale kwenye kila mashine, ugonjwa hauko kwenye mashine, uko ndani ya faili, na hakuna kitufe cha kuuponya. Kichwa kikishakatwa kimekatwa.

Swali likabaki moja tu. Aliyekata ni nani, kaseti au yule aliyehamisha? Nikalifungua faili kwenye Audacity, programu ya bure iliyotoka mwaka 2000, ambayo inakuchorea sauti uione kwa macho. Pale Babu anapoongea kwa upole, vilima vizuri tu. Pale anapocheka, juu bapa, chini bapa, kama michongoma iliyopitiwa na mkasi. Moyo ukaruka. Kaseti ikizidiwa na sauti, huyapinda mawimbi taratibu, yanalala kama mgongo wa nundu, haiyakati kwa rula namna ile. Anayekata kwa rula ni kompyuta. Maana yake ni kwamba kaseti ilikuwa inaweza kuwa nzima, ila ilimwagwa kwenye tundu lisilo lake.

Na ndivyo ilivyokuwa. Wengi wanaohamisha kaseti huchukua waya kutoka tundu la hedifoni la redio na kuuchomeka kwenye tundu la maikrofoni la laptopu. Tundu la maikrofoni limezoea umeme kiduchu unaotoka kwa mtu anayeongea, nalo huukuza mara nyingi. Ukilipa nguvu ya redio ni kama kumpigia kelele mtu aliyeshika kipaza sauti sikioni. Kila Babu alipopaza sauti, ngazi ziliisha. Na kwa kuwa kicheko ndicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote, kicheko ndicho kilichokatwa zaidi.

Basi nikaazima redio kaseti kwa fundi mmoja, nikasafisha kichwa chake kwa pamba na spiriti, nikasubiri kikauke. Kabla ya lolote nilivunja vile viplastiki viwili vya juu ya kaseti, ili pasitokee mtu wa kubonyeza kitufe chekundu akarekodi juu ya marehemu. Nikaipeleka mbele mpaka mwisho na kuirudisha, maana ukanda uliolala miaka mingi hujishika. Halafu nikabonyeza.

Sss... ule upepo wa kaseti. Kisha mwanamume akasafisha koo na kutoa salamu, wazi kabisa, kama yuko chumba cha pili.

Nilizima haraka. Sikutaka kumsikiliza peke yangu. Nikanunua kale kakidude ka USB kenye tundu la kupokelea sauti ya redio, siyo la maikrofoni. Nikapimisha sehemu yenye kelele zaidi bila kuifuatilia maneno, nikishusha mpaka vilima vya juu kabisa vikabaki desibeli 6 chini ya kikomo. Watu hudhani kurekodi kwa sauti kubwa ndiyo kurekodi vizuri, kumbe sauti ndogo utaikuza kesho, lakini iliyokatwa huwezi kuiunganisha. Nikahifadhi kwanza kama WAV, dakika 30 zikala MB 300 na ushee, na ile ya MP3 ya kuwatumia ndugu ikaja kama MB 29. Ile kubwa ndiyo nyaraka ya ukoo, haiguswi.

Jumamosi nikapanda basi la Tanga.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, bwana'angu. Leo umekuja mikono mitupu?”

“Nimekuja na mwenzio.”

Akanielewa, na uso ukabadilika. Akasema hataki, siku ile ya Idi alikwenda kulala na yale mabati kichwani, na tangu hapo kila akijaribu kuikumbuka sauti ya mumewe anasikia mabati. Hilo hakuwa amemwambia mtu. Shangazi akakaa kimya. Nikamwambia, Bibi, sikiliza salamu tu, ukitaka nizime nitazima. Sikumjaza spika kubwa, nilitumia ndogo moja, nikaiweka mezani usawa wa sikio lake la kulia ambalo bado linasikia.

Babu akasalimia. Akauliza hali ya mama yake, akauliza kama yule mtu wa duka amelipa deni, akaeleza joto la Maskati. Bibi katulia kama picha. Halafu Babu akasema kwamba mwaka huu hapana masihara, atarudi nyumbani kabla ya Ramadhani, na hapo hapo akaangua kicheko kirefu, cha kupanda kama mtu anayekwea ngazi, kikamalizikia na kikohozi.

“Muongo mkubwa!” Bibi akamjibu. Alimjibu ile spika! Akaanza kucheka na yeye, kanga ikamdondoka begani, na shangazi naye akadakia kule jikoni. Ndipo nikagundua jambo ambalo ukoo mzima ulikuwa umelikosea kwa zaidi ya miaka ishirini. Mimi sicheki kama Babu hata kidogo. Anayecheka kama Babu, ngazi kwa ngazi mpaka kikohozi, ni shangazi. Hata yeye mwenyewe alinyamaza ghafla, akabaki kashika mwiko.

Tuliisikiliza mara tatu. Kaseti yenyewe imerudi kabatini, imefungwa kwenye kitambaa, mbali na jua na mbali na spika kubwa, maana spika zina sumaku na sumaku ndiyo adui wa ukanda.

Kwa hiyo, mchizi wangu, dada yangu, unapotaka kuvunja spika kwa hasira, fuata msururu huu: faili moja au yote? Hedifoni nazo zinasemaje? Programu nyingine je? Mkono wa programu umevuka 100? Maboresho yamezimwa? Chaja imechomolewa? Ukifika mwisho na kelele bado iko sekunde ile ile, rudi kwenye chanzo, na kama chanzo ni kaseti ya mzee wako, usikubali mtu akuambie imekufa kabla hujaisikia mwenyewe kwenye redio. Wenye redio za kaseti wanazidi kupungua mtaani, na mafundi wake wanazeeka. Fanya mwezi huu.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akitujalia. Na jirani anayepiga besi mpaka 125 saa nane za usiku, salamu zako hizo!